Hawa Aliyechagua Sufuria Moja

Hawa binti Kassimu alizaliwa Baraka, katika mtaa ulio karibu na maji, kwenye nyumba ambayo mlango wake wa nyuma ulitazama milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Baba yake, Kassimu, alinunua ndakala, dagaa wa ziwani, wakiwa wabichi kwa wavuvi, akawaanika juani, akawauzia watu walioshuka kutoka milimani. Mama yake, Zainabu, alisifika kwa bugali. Yeyote aliyewahi kula mlangoni kwake alijua tofauti ya unga uliosongwa na unga uliokorogwa tu. Hawa alikuwa binti wao pekee, na tangu alipoweza kushika mwiko alikaa jikoni na mama yake.

Mwaka wa 1951, Hawa akiwa msichana wa kuvunja ungo, Zainabu aliipua sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka ili aipeleke kwenye mafiga ya nje. Ilikuwa sufuria ya alumini, nyepesi kama kofia, iliyobonyea kila upande, na mkono wake mmoja ulikuwa umetengenezwa upya mara nyingi na fundi wa sokoni. Mkono ule uling'oka. Maji yote yakamwagikia mguu wa Zainabu, kuanzia gotini hadi vidoleni.

Walimbeba mpaka dispensari. Akalazwa huko muda mrefu, na Hawa akalala chini, kwenye mkeka, kando ya kitanda chake. Alifua vitambaa, alimpepea mama yake nzi, na kila asubuhi alimtazama Albert, munganga wa hapo, akichemsha mikasi na sindano katika bakuli refu la chuma cheupe. Bakuli lile lilimshangaza. Kila siku liliwekwa motoni, kila siku likatiwa dawa yenye harufu kali, na kila siku likatoka vilevile, bila doa, bila kubonyea.

"Munganga," akauliza siku moja, "hii bakuli iko ya feza?"

Albert akacheka. "Ingekuwa ya feza, ungeikuta hapa? Hii ni inoksi. Ni chuma, lakini haikamatake kutu."

"Hata ukitiamo chumvi?"

"Chumvi, dawa, moto, yote. Mi niliikuta hapa, na mwenye alinitangulia naye aliikuta."

Hawa aliomba aishike. Akaigeuza, akaipiga kwa ukucha, akasikiliza sauti yake. Kisha akarudi kukaa kando ya mama yake, ambaye alikuwa amegeuzia uso ukutani kwa maumivu.

"Mama," akamwambia, "kumbe kuko chuma chenye hakichoke."

Zainabu alipona, lakini mguu ulibaki na kovu lenye mikunjo kama ganda la mti, naye akawa anatembea akiuvuta kidogo.

Miaka ikapita. Idi, fundi seremala kutoka Lweba, akaja Baraka kutengeneza milango ya nyumba kadhaa za mtaa ule. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyependa kupapasa mbao kabla ya kuzikata, kama mtu anayempapasa ng'ombe. Alipiga randa mbele ya nyumba ya Kassimu kwa muda mrefu kuliko mlango mmoja unavyohitaji, na watu wakaelewa. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa, na mwaka wa 1955 harusi ikapangwa.

Sasa, desturi ya watu wa kandokando ya ziwa ilikuwa hivi: bibi arusi anapopelekwa kwa mumewe, vyombo vyake vinatangulia. Wanawake wanavibeba vichwani, wamepanga mstari, wanaimba, na watu wa kijiji cha bwana arusi wanatoka nje kutazama. Hapo ndipo ukoo wa msichana unapopimwa. Kwa sababu hiyo shughuli ya vyombo ilikuwa ya shangazi, na shangazi wa Hawa, dada yake Kassimu, aliitwa Asha. Sauti yake ilisikika kutoka sokoni mpaka gatini, na mapenzi yake kwa Hawa yalikuwa makubwa kama sauti hiyo.

Asha alikuwa amekwisha kuchagua. Katika duka la Nicolas, Mgiriki aliyekaa Baraka muda mrefu na kusema Kiswahili kama mtu wa hapo, aliwekewa kando lundo zima: masufuria ya alumini yaliyoingiana, dogo ndani ya kubwa, mabeseni yenye maua mekundu, mabirika, sahani za kutosha msafara wa akina mama. Akampeleka Hawa aje afurahi.

Hawa aliangalia lundo, akashukuru, kisha akainua macho juu ya rafu.

"Bwana Nicolas, ile ya kule juu iko nini?"

Nicolas akageuka. Juu kabisa, kwenye vumbi, kulikuwa na masufuria matatu. Yaliletwa kwa Wazungu waliohamishwa kabla mzigo wao haujafika, na hakuna mtu aliyewahi kuyaulizia.

"Ile ni inoksi," akasema.

"Naomba uniteremushie."

Akayateremsha, akayapangusa. La kwanza lilimetameta hata uso wa Shangazi Asha ukaonekana ndani yake. La pili lilikuwa na mikono myeusi, laini. La tatu halikung'aa sana. Weupe wake ulikuwa wa kijivu kidogo, kama tumbo la samaki, na lilikuwa kubwa na zito.

Hawa alivua khanga ya juu akaifunga kiunoni, kama anayejiandaa kusonga. Aliinua moja moja. Aliligonga kila moja kwa kifundo cha kidole, akapitisha kidole gumba chini yake, akabonyeza pembeni kwa nguvu zake zote. La tatu lilikuwa na kitako kinene, unene unaouhisi mkononi, na mikono yake ilikuwa ya chuma kilekile, imefungwa kwa misumari minene iliyopondwa vichwa ndani na nje. Akaning'inia kwenye mikono ile kwa uzito wa mwili wake. Haikutikisika.

"We unanunua sufuria ao unanunua punda?" Nicolas akauliza, naye anacheka.

"Bwana Nicolas, usikasirike. Naomba nikwangue kidogo na musumari, nyuma, kwenye haionekane. Halafu tutie chumvi na ndimu, tuache mpaka kesho. Na hii moja ya alumini pia."

Shangazi Asha akataka ardhi ipasuke. Lakini Nicolas alikuwa mtu aliyependa kuona jambo jipya, na siku zake dukani zilifanana. Akaleta ndimu mwenyewe.

Kesho yake wakarudi, na Zainabu na Kassimu wakaja pia, maana habari ilikuwa imeenea nyumbani. Sufuria ya alumini ilikuwa imeshika weusi mahali ndimu ilipolala. Ile iliyometameta kama kioo ilikuwa na mstari wa kahawia pale msumari ulipopita.

"Hii imepakwa tu," Hawa akasema. "Ndani iko chuma ya kawaida."

Nicolas akaisogeza karibu na macho, akatema mate nje ya mlango. "Basi nami nilibongewa," akasema. "Niliuziwa kama inoksi."

Yale mawili yaliyobaki yalikuwa kama yalivyokuwa jana. Hawa akashika mkono mweusi wa sufuria ya pili. "Hii mukono haiko chuma. Mi nitapika na kuni, moto unapanda kandokando. Itaungua." Akaliweka chini. Akaliinua lile la tatu, lile zito, lisilo na mbwembwe, akalikumbatia tumboni.

"Baba, mi nataka hii."

Bei yake ilikuwa sawa na lundo lote la Shangazi Asha. Nicolas aliposema hivyo, Shangazi Asha akaligeukia lundo lake.

"Moja?" Shangazi Asha akasema. "Hawa. Moja?"

"Moja, Shangazi."

"Mutoto, bintu ya bibi arusi, ile masufuria na masahani, inasema mbele yake. Batu ya Lweba batatoka inje, bataangalia, bataona kichwa kimoja kimebeba sufuria moja. Batasema Kassimu alitoa mutoto mikono mitupu, kama amemuokota njiani!"

"Batasema siku ngapi, Shangazi? Mi nitapika miaka yote."

"Na haya? Haya utaipika wapi?"

Hawa alijua kwamba shangazi yake hakusema uongo. Aibu ilikuwepo na ingewapata wote. Kassimu alisimama katikati akishika kofia yake, akimtazama dada yake, akimtazama binti yake. Ndipo Zainabu akaketi juu ya gunia la chumvi na kupandisha nguo yake mpaka gotini. Kovu likaonekana kwa watu wote waliokuwamo dukani, na alikuwa mwanamke wa haya sana.

"Kassimu," akasema, "haya ilinikamata kwenye nilisindwa kuchota maji na huu muguu. Ile njo haya. Acha mutoto achague."

Kassimu akavaa kofia yake. "Bwana Nicolas," akasema, "funga ile."

Siku ya kumpeleka Hawa, msafara ulitoka Baraka asubuhi ukafuata njia ya ziwa. Kulikuwa na mikeka, vikapu, mto wa pamba, na mbele ya vyote sufuria moja na mfuniko wake. Watu wa Lweba walitoka nje. Wakatazama, wakasubiri, wakatazama tena njia.

"Bingine biko nyuma?" mwanamke mmoja akauliza.

Shangazi Asha alikuwa ameipinga sufuria ile kwa sauti yake yote. Lakini sasa alikuwa mbele ya watu wa nje, na damu ni nzito. Akajishika kiuno. "Hakuna nyuma," akasema. "Yote iko hapa. Jaribuni kuinua!"

Walicheka wengi. Kabla harusi haijaisha, wimbo ulikuwa umetungwa na mwanamke mmoja huko mtoni wanakoosha vyombo, wimbo wa bibi arusi wa sufuria moja anayepika chai, anaoga, na analala humohumo. Mama Mwavita, mamaye Idi, hakuimba, lakini hakumkemea aliyeimba.

Chakula cha kwanza cha Hawa katika nyumba ile kilikuwa maharagi. Alikoka moto kama alivyozoea kuukoka chini ya alumini, moto wa kuni tatu nene, akaenda kuchambua sombe, majani ya muhogo. Harufu ikamfikia uani. Maharagi yalikuwa yameshika chini, meusi, tabaka zima. Mama Mwavita akafunua, akafunika.

"Sufuria ya bei ya mbuzi kumi," akasema, "na maharagi nyeusi kama makala ya moto."

Hawa alikwenda ziwani peke yake na ile sufuria. Alilia, kisha akaosha uso. Akatia maji na jivu la migomba, akarudi nayo nyumbani na kuiweka motoni, akaacha ichemke polepole, na alipoigeuza, ule weusi ulitoka kama gamba la kidonda kilichopona. Chini palikuwa peupe. Hapakuwa na tobo, hapakuwa na doa, hata alama ya kucha. Akakaa akiitazama. Kama ingekuwa beseni lenye maua, rangi ingebanduka. Kama ingekuwa ya alumini, ingetoboka au ingebonyea kwa kukwanguliwa. Hii ilikuwa inamsubiri ajifunze.

Akajifunza. Alipunguza kuni. Aligundua kwamba kitako kinene hutunza moto, kwamba ukivuta kuni nje bado inaendelea kuchemka, na kwamba ukiipasha kwanza kabla ya kutia mawese, samaki hageuki vipande kwa kung'ang'ania. Idi alikuwa akirudi kazini anamkuta anaongea na moto wake.

"Inasemaje leo?" alimwuliza.

"Inasema niache haraka."

Idi akamchongea bakuli kubwa la mti. Hawa alipika mboga kwanza, akaimwaga bakulini na kuifunika, akaosha sufuria, akasonga bugali. Kwa sufuria moja nyumba ikala vitu viwili vya moto kila jioni. Siku moja Mama Mwavita aliomba aongezwe bugali, akala, akajipangusa mdomo na kusema, "Huu wa leo umeiva."

Kisha ikaja kiangazi cha 1956, kikali kuliko vingine. Nyasi za mapaa zilikauka mpaka zikawa zinalia upepo ukipita. Siku moja mchana, wanawake wengi wakiwa kwenye mashamba ya muhogo, cheche iliruka kutoka mahali pa kukaushia samaki. Hawa na Mama Mwavita waliona moshi kutoka juu ya kilima. Wakatupa majembe, wakakimbia.

Walipofika, safu yote ya nyumba za upande wa chini ilikuwa inaungua. Wanaume walichota maji ziwani kwa kila kitu, hata kwa vibuyu vya kutolea maji mitumbwini, lakini upepo uliyapita maji. Idi alikuwa amewatoa wazee wawili waliokuwa wamelala ndani. Hakufa mtu. Zilikwisha nyumba, nyavu, mikeka, nguo za Idd, akiba ya unga. Nyumba ya Idi na Hawa ilianguka ndani yake yenyewe, na ya Mama Mwavita ikafuata.

Moto ulipokwisha watu waliingia kwenye majivu kwa vijiti na majembe. Mama Mwavita alitafuta jiko lake. Alilipata: masufuria yake yote ya alumini yalikuwa yameyeyuka na kushikana, bonge moja la kijivu lenye mawe na mkaa ndani yake. Mabeseni yalikuwa yamepasuka rangi na kugeuka kahawia. Nyungu za udongo zilikuwa zimevunjwa na nguzo za paa. Alikaa chini palepale, akaliweka bonge lile mapajani kama mtoto, akaanza kuomboleza.

"Bintu ya mama yangu ilikuwa hapa. Nitapika na nini? Nitaenda kunyoosha sahani kwa batu, miye?"

Hawa alikuwa anachimba upande wa pili. Jembe likagonga kitu, na kitu kile kikalia kwa sauti aliyoijua. Akatupa jembe, akachimba kwa mikono. Sufuria ilikuwa imelala kifudifudi chini ya boriti. Ilikuwa nyeusi nje, na ndani ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu na buluu na zambarau, kama mafuta yanapotandaa juu ya maji. Alishika mikono yake miwili akaivuta. Mikono ilishikilia. Akaivuta kwa nguvu zaidi, boriti ikainuka, na sufuria ikatoka nzima, na mfuniko wake chini yake.

"Idi!" akapiga kelele. "Idi, iko! Haikuharibika!"

Alishuka nayo ziwani mbio. Akaisugua kwa mchanga, kwa jivu ambalo siku ile lilikuwa tele, kwa ndimu mbili alizopewa na jirani. Wanawake wakaanza kusogea, mmoja mmoja, wakasimama kwenye maji wakiangalia zile rangi zikififia na weupe ukirudi. Yule mwanamke aliyetunga wimbo alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeimba. Mmoja wao akaokota nguo akaanza kusugua mfuniko.

Watu wa upande wa juu, ambao moto haukuwafikia, walileta unga na samaki, na walisema kwa wema, "Muje kwetu, tutawapikia." Waliounguliwa waliinamisha vichwa. Kula ni kula, lakini siku umepoteza kila kitu, kupanga mstari mlangoni kwa mtu na sahani ya kuazima ni jambo zito.

Hawa alirudi kutoka ziwani na sufuria imejaa maji kichwani. Akapita mbele ya mama mkwe wake, akaitua. Akachagua mawe matatu makubwa yaliyokuwa bado na joto la moto, akayapanga pale palipokuwa jiko.

"Mama," akasema, "simama. Leo hatuendi kwa muntu. Mutuletee unga hapa. Leo tunakula kwetu."

Mama Mwavita aliinua uso wake wenye majivu. Akamtazama Hawa, akalitazama bonge lililokuwa mapajani mwake. Akaliweka chini. Akasimama.

Kuni hazikukosekana. Hawa alipika samaki kwanza, wakatolewa juu ya majani ya migomba. Akaosha, akachemsha maji, akatia unga. Sufuria ilikuwa pana na bugali ulikuwa mwingi, na mikono yake ilikuwa imechoka kwa kuchimba. Mwiko wa kuazima ukamshinda katikati. Ndipo Mama Mwavita akajifunga nguo, akapitisha fito mbili kwenye mikono ya sufuria na kuzikanyaga ili kuishikilia, akamnyang'anya mwiko.

"Toka," akasema. "Mi nilisonga kabla we hujazaliwa."

Akasonga. Alisonga kwa hasira yote ya siku ile, kwa nyumba yake na vitu vya mama yake, akiugeuza unga na kuupiga ubavuni mwa sufuria, na sufuria haikubonyea wala haikuteleza. Alipomaliza awamu ya kwanza wakatia ya pili, kisha ya tatu, na watu wa safu yote iliyoungua wakala wamekaa chini, mbele ya nyumba zao wenyewe, kila mtu kwenye kiwanja chake. Jua lilikuwa bado halijaingia nyuma ya milima. Mzee mmoja aliyekuwa ametolewa ndani na Idi alilamba vidole, akasema kwa sauti kwamba tangu utoto wake hajala bugali kama huu, na mtu fulani akacheka. Kicheko kikaenda kikazunguka majivu yote.

Mama Mwavita akapanda juu ya jiwe, na mwiko mkononi.

"Bamama ya Lweba!" akaita. "Musikie! Ile siku huyu aliletwa hapa, mulicheka, na mi nilinyamaza. Leo mi nasema. Bintu yangu mingi iko pale chini, imekuwa jiwe. Kintu chake kimoja kimetulisha wote. Huyu hakuletwa na mikono mitupu. Huyu aliletwa na akili!"

Akapiga kigelegele. Cha kwanza kilikuwa chembamba, koo lilikuwa na moshi. Lakini wanawake wakakipokea, upande wa chini na upande wa juu, kikaruka mpaka kwenye mitumbwi, na Hawa akasimama kando ya moto akiwa mweusi kama mkaa, machozi yakimchorea njia mashavuni, akicheka.

Nyumba zilijengwa upya. Idi alikuwa na kazi ya milango mpaka akachoka. Na zilipokwisha kuezekwa, wanawake wa safu ile, waliokuwa wamevuna mpunga, wakakausha samaki na kuviuza kwa nia moja, walimfuata Hawa.

"Twende Baraka," wakasema. "Utuchagulie."

"Sitachagua," Hawa akajibu. "Nitawaonyesha. Kila muntu atachagua yake mwenyewe."

Wakaingia katika duka la Nicolas wote kwa pamoja, mpaka mwanga wa mlangoni ukazibwa. Nicolas, aliyekuwa amesikia habari ya moto, alikuwa ameagiza mzigo mpya kwa meli kutoka Albertville, na safari hii alikuwa ameweka ndimu mezani mwenyewe. Wanawake wakainua, wakagonga, wakabonyeza. Mmoja akaning'inia kwenye mikono ya sufuria mpaka akaanguka chini na wenzake wakashika mbavu. Walikataa zile zenye kitako chembamba. Walikataa mfuniko uliopwaya. Aliyekuwa na watoto wengi akachagua kubwa, mjane akachagua ndogo, na hakuna aliyemwangalia mwenzake kuona ametwaa ngapi. Waliporudi Lweba walizibeba vichwani, mfuniko juu, na jua la alasiri likazipiga zote.

Baada ya hapo Hawa hakupata tena kukaa. Bibi arusi hakununuliwa chombo Baraka kabla Hawa hajaitwa. Waislamu walimwita, na Wakatoliki pia. Georgette, aliyepika kwenye misheni ya Fizi, alishuka milimani kwa miguu ili aulize mkono wa chuma unafungwaje. Wafugaji wa Bibokoboko waliopenda kuchemsha maziwa walitaka kujua kwa nini yanashika chini, na Hawa akawafundisha kupunguza moto. Mwishowe Nicolas akamwambia, "Hawa, batu banaingia kwangu, banauliza we uko wapi. Chukua mzigo, uza mwenyewe. Mi nitabakia na vitambaa na chumvi, vyenye havigombane na ndimu."

Mwaka wa 1958, siku ya soko kubwa, Hawa alifungua kibanda chake Baraka. Kilikuwa na bati juu, na rafu za mbao ya muvule ambazo Idi alizipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu. Masufuria ya inoksi yalipangwa kwa ukubwa, na mbele ya kibanda palikuwa na mafiga na moto, ili anayetaka kujaribu ajaribu. Hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kuwa na kibanda cha vyombo. Zainabu alikuja akivuta mguu, akapewa kiti cha mbele. Kassimu alisimama nyuma akijifanya anatazama bati kama limepigiliwa vizuri.

Shangazi Asha alikuwa upande mmoja wa mlango na Mama Mwavita upande wa pili, na kila mmoja aliona kwamba kazi ya kuita wateja ni yake.

"Karibuni!" Shangazi Asha akapiga ukelele. "Sufuria yenye mi mwenyewe nilibeba mpaka Lweba!"

"Karibuni!" Mama Mwavita akamjibu, juu zaidi. "Moto uliikula nyumba, ukaiacha sufuria! Mi nilikuwako! Uliza miye!"

Watu walijaa. Wa kwanza kuingia alikuwa msichana aitwaye Félicité, aliyekuwa aolewe huko Fizi baada ya mavuno, pamoja na mama yake. Mama akashika moja, msichana akashika nyingine, wakatazamana bila kukubaliana. Wakamgeukia Hawa.

"Mama Hawa, tusaidie. Ipi iko nzuri?"

"Zote za rafu hii ziko nzuri. Mbaya sikuileta," Hawa akasema. "Inua. Funga macho. Ile yenye mukono wako inakubali, njo yako."

Félicité alifumba macho. Akainua moja, akaitua. Akainua nyingine, akaipima, akaizungusha, akaitua. Alipofika kwenye ya tatu alitabasamu kabla ya kufumbua macho, na soko lote lililokuwa limesimama mlangoni likapiga vigelegele kana kwamba harusi ni leo.

Adhuhuri haijafika, rafu za Idi zilikuwa tupu na bado watu walikuwa wanasukumana. Hawa akapanda juu ya kigoda, khanga imefungwa kiunoni, sauti imemkauka, akamtafuta mumewe juu ya vichwa vya watu.

"Idi!" akaita. "Meli ya Albertville ingali gatini? Kimbia umwambie nahodha: akirudi, aniletee mara mbili!"